Mlango wa Mninga

Wazazi wangu na vijana wenzangu, nawaomba dakika chache. Habari hii ni ya mbwa, lakini haitaishia kwa mbwa.

Alikuwepo mama mmoja katika kijiji cha milimani, kule ambako baridi ya Julai hupasua midomo. Alifuga kuku, na nguchiro alikuwa anammalizia vifaranga. Wiki hii wanne, wiki ijayo sita. Akaona atafute mbwa. Akapewa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, mweusi, na kwa ajili ya baridi akamlaza ndani, kwenye kona ya sebule, juu ya gunia.

Mtoto wa mbwa hajui sebule ni nini. Siku ya kwanza alichafua mara tatu. Yule mama hakukasirika. Kila mbwa alipoamka, alimbeba hadi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kila alipomaliza kula, akambeba tena. Alisimama naye kwenye umande akingoja, na mbwa alipomaliza haja yake alimwambia, "Vizuri, baba," kama anavyosema na mtoto. Hivyo kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu mbwa aliamka mwenyewe, akaenda mlangoni, akakwaruza kwa ukucha. Mama akafungua. Mbwa akakimbilia migombani.

Kazi ilikuwa imekwisha. Mtu na mnyama walikuwa wameelewana.

Mwezi uleule mwanawe mkubwa akamletea mlango mpya. Wa zamani ulikuwa wa mabati. Huu ulikuwa wa mninga, umepigwa randa na kupakwa vanishi mara tatu, ukiusogelea unaona sura yako. Watu walipita kuutazama. Kesho yake asubuhi mbwa aliamka, akaenda mlangoni, akakwaruza.

"We!" Mama alirusha kandambili. "Mlango huo! Koma kabisa!"

Mbwa akarudi kwenye gunia. Haja haijui kungoja, akakojoa palepale. Akachapwa kwa hilo pia.

Siku ya pili alikwaruza, akachapwa. Akachafua, akachapwa. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya nne hakukwaruza tena. Aliingia chini ya kochi, akamaliza shida yake kimyakimya. Mama alifurahi kwamba mlango umepona, akakasirika kwamba kochi linanuka. Hakuyaunganisha mambo hayo mawili. Je, sisi tungeyaunganisha? Tusiharakishe kujibu.

Kijana mmoja jirani, fundi baiskeli, alimkuta anasugua sakafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikanyage hapo, ni mkojo. Huyu mbwa amenishinda. Nilimfundisha akajua, sasa ananifanyia makusudi. Kesho namtia kwenye kiroba nikamwache huko mnadani."

"Na nguchiro je?"

"Nguchiro na ale. Yeye angalau haji kukojoa sebuleni kwangu."

Kijana akacheka. "Mama, kwani hapa unafuga mbwa au unafuga mlango?"

"Haya, mchukue wewe mwenye mdomo. Tukuone."

Akamchukua.

Wiki tano zikapita. Vifaranga waliendelea kupungua hadi wakafikia wawili. Yule mama akasikia watu wakisema kwamba mbwa wa fundi amekuwa mkali kwa nguchiro, na kwamba chumba cha fundi hakinuki hata kidogo. Akaona alimtoa mapema mno. Akaenda.

"Mwanangu, hebu niambie. Umempiga kwa fimbo ya mti gani?"

"Sijampiga, mama."

"Sasa ulimfundishaje?"

"Sikumfundisha kitu. Alikuja anajua." Fundi alikuwa anaziba pancha, hakuinua hata kichwa. "Siku za mwanzo alikuwa ananitazama, kisha anautazama mlango, mwili mzima unatetemeka. Nikafungua. Akaenda nje, akarudi. Baada ya wiki akaugusa mlango kwa ukucha, taratibu, kama mgeni anayepiga hodi nyumba asiyoijua. Nikafungua. Basi, hivyo tu."

Yule mama akautazama mlango wa fundi. Labda alikuwa anahesabu zile siku nne. Kisha akasema, "Naomba nimrudishe nyumbani."

"Mchukue, mama. Mbwa ni wako, mimi nimekutunzia tu."

Mbwa alikuwa amelala juani karibu na matairi mabovu. Mama akainama, akanyoosha mkono, akamwita kwa upole kabisa. Mbwa aliposikia sauti ile hakukimbia, wala hakubweka. Alijikojolea palepale alipolala.

Mama alirudi kwake peke yake. Wale vifaranga wawili hawakumaliza mwezi.

Sasa tumwache mbwa. Mnasema yule mama alikuwa mkatili? Siku kumi na mbili kwenye umande si kazi ya mkatili. Alifundisha vizuri, kisha akamwadhibu mwanafunzi kwa kulishika somo. Nasi ndivyo tunavyofanya. Tunawaambia watoto, ukiwa na shida, sema. Tunayasema hapahapa kanisani, kwa kipaza sauti. Halafu binti anasema, mama, njia ya kisimani kuna mtu ananisumbua, naogopa kupita. Tunamjibu, koma, yule ni mtu mzima mwenye heshima zake, usituharibie ujirani. Hiyo ni kandambili ya kwanza. Kijana anamwambia baba, wenzangu wananinywesha pombe na mimi nashindwa kukataa. Baba anamwambia, shusha sauti, wageni wako sebuleni. Ujirani na wageni, hiyo ndiyo vanishi yetu.

Basi wanaacha kusema. Nasi tunauona ukimya ule, tunashukuru kwamba nyumbani kuna amani.

Baada ya miezi michache tumbo linaonekana, na hapo kila mtu ana macho. Binti anaondolewa kwenye kwaya. Anakalishwa benchi la nyuma. Tunamzunguka tukimwuliza, mbona hukusema? Alisema, wapendwa. Alisema mapema, kwa njia tuliyomfundisha wenyewe, na sisi tulikuwa macho.

Mungu anamsikia anayenong'ona. Hilo halinipi shaka. Lakini hapa duniani amewapa watoto wale masikio yetu, na masikio yetu hayafunguliwi na mtu mwingine. Tusijidanganye pia kwamba siku tutakayojisikia kunyoosha mkono, watakuja. Wengine watatetemeka tu, na kosa halitakuwa lao.

Leo mkifika nyumbani, kabla chakula hakijatengwa, mwiteni mmoja, yule ambaye siku hizi hana maneno. Mwulizeni, kuna jambo uliwahi kuniambia nikakukemea? Akianza kueleza, msijitetee. Na akisema hakuna, msiondoke mkifurahi. Rudini kesho mkamwulize tena.