Cheupe na Bunduki ya Upepo

Hapo zamani, nasema zamani ingawa mvua zake hazijasahaulika, kulikuwa na mama mjane aliyeitwa Mbeleje, mlimaji wa uwele katika nchi kavu ya Ugogo. Alikuwa na mwana, Ndahani. Alikuwa na binti, Mele, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani na kibuyu kimoja na nguo alizovaa. Na alikuwa na mkwe, Nyemo, mke wa mwanawe mdogo aliyekuwa amepeleka ng'ombe malisho ya mbali. Nyemo alikuwa na mtoto wa miezi minane, Wendo, na maziwa yake yalikuwa yanakauka.

Mwaka ule kanga waliwashinda. Mama Mbeleje akapanda, kanga wakafukua. Akapanda tena, wakafukua tena. Wale ndege wenye madoa walikuja asubuhi kundi zima, wakapekua mstari kwa mstari kama watu waliotumwa. Ikabaki mbegu ya kupanda mara moja tu.

Mama Mbeleje akawaita wanawe. "Mbegu hii ikiliwa, tumekwisha. Atakayewaondoa kanga shambani kwangu, namkabidhi Cheupe."

Cheupe alikuwa mbuzi pekee wa boma mwenye maziwa. Nyemo akamtazama Cheupe, kisha akamtazama Wendo. Mele naye akamtazama Cheupe, kwa kuwa mwanamke mwenye mbuzi wake haitwi tena aliyerudishwa.

Ndahani akaenda kwa bwana nyama, afisa wa wanyamapori, akapata kibali cha kuwapiga kanga. Akaenda mjini kwa baiskeli yake. Muuza duka akamtandikia bunduki tatu za upepo. Ya kwanza ilikuwa rahisi, lakini kila risasi unakunja mtutu chini na kuurudisha tena. Ya pili, kabla ya kila risasi unaisukumia upepo kwa mkono. Ya tatu ilikuwa na chupa chini ya mtutu: unaijaza upepo mara moja, unaweka kigurudumu cha risasi kumi na mbili, na unapiga zote bila kuinua kichwa wala kufanya kelele.

Ndahani akawaza. Kanga ni kundi. Ukimpiga mmoja ukaanza kukunja mtutu, wenzake wamekwisha kuvuka mto. Akaiacha ya kwanza, akaiacha ya pili, akaichukua ya tatu, na baiskeli yake ikabaki dukani.

"Shemeji," Nyemo alisema alipomwona akirudi kwa miguu, "umetoa baiskeli ukaleta chupa?"

"Cheka tu. Pampu ya baiskeli ninayo."

Akaifunga pampu ya baiskeli kwenye chupa, akasukuma mpaka shati likalowa. Mshale wa kipimo cha upepo haukutikisika. Majirani walicheka hadi wakaketi chini. Ndahani akarudi mjini siku mbili kwa miguu, akaja na pampu halisi ya bunduki ile, ndefu, ya kukanyaga chini kwa miguu yote miwili na kusukuma kwa uzito wa mwili.

Pampu ile haikutaka nguvu, ilitaka subira. Ukiiharakisha inachemka. Ndahani hakuiweza, Mele hakuiweza. Nyemo ndiye aliyeiweza. Alisukuma mara ishirini, akapumzika ipoe, akasukuma ishirini tena. Na kwa kuwa alikuwa mwembamba, alimfunga Wendo mgongoni ili uzito uongezeke.

"Hata mtoto ana kazi hapa," Ndahani alisema. "Tutampa kibali chake."

Kulenga, akalenga Mele, maana mkono wake ulitulia kama jiwe la kusagia. Wakaipanda mbegu ya mwisho. Ikawa hivi kila siku: bunduki aliichagua Ndahani, upepo aliujaza Nyemo, risasi aliilenga Mele.

Siku ya kwanza wakaanguka kanga wawili. Siku ya pili watatu. Na wanawake kisimani wakaanza: "Mele ana mkono. Mele ana jicho." Wakampokea ndoo, wakamwachia njia. Hakuna aliyesema Nyemo ana pampu.

Katika boma lile firigisi ya kanga huliwa na aliyemwangusha. Kila jioni Mama Mbeleje aliiweka kwenye bakuli la Mele. Nyemo alikula mlenda wake, akiifunika mikono yake yenye malengelenge. Jioni moja Mele aliikata firigisi katikati, akaweka nusu kwenye bakuli la Nyemo. Na nyama ya kidari akaichambua nyuzinyuzi, akamlisha Wendo.

Nyemo aliuona wema ule, na ukamchoma. Kupewa nusu kunauma kuliko kunyimwa. "Ananigawia changu," alijisemea, "kama ananisaidia."

Wivu ukalala naye, ukaamka naye.

Asubuhi ya saba mbegu zilikuwa zimeanza kupasua udongo. Zikipita siku ile, zimepona. Na siku ile kanga walikuja wote waliobaki. Nyemo akakanyaga pampu. Akasukuma ishirini, akapumzika. Akasukuma ishirini, akapumzika. Mshale ulipofika nusu, akaacha.

"Akose leo," aliwaza. "Akose mara moja tu, waone mkono bila pumzi ni nini."

Akampa Mele bunduki. Mele akautazama mshale. Akamtazama wifi yake. Nyemo akajifanya anamfunga mtoto vizuri.

 Mele akavua ndala, akalala kifudifudi. Alijua risasi ya upepo mchache haifiki mbali, kwa hiyo hakubaki kwenye kichuguu chake cha kila siku. Akatambaa kwenye miiba, polepole, mpaka akawa karibu na kanga kiasi cha kusikia kucha zao zikikwaruza udongo. Akapiga. Akapiga tena. Akapiga bila kuinua kichwa. Risasi ya saba ilitoka kwa kikohozi na kuanguka njiani, lakini kanga sita walikuwa wamelala, na kundi likaruka, likavuka mto, lisirudi tena msimu ule.

Mama Mbeleje akamfungua Cheupe, akamleta uani.

Ndahani akasema, "Mama, mimi nilitoa baiskeli yangu. Nimechekwa, nimetembea siku mbili. Ningeleta bunduki ya kukunja mtutu, leo tungekuwa na kanga mmoja na shamba tupu. Mkono wa Mele ungefanya nini?"

Mele akasema, "Kaka, bunduki yako ingening'inia ukutani. Nimekwenda kwa tumbo. Tazama magoti yangu. Nami sina kitu hapa duniani ila huu mkono."

Mama Mbeleje akamgeukia Nyemo. "Na wewe, mama Wendo?"

Nyemo akaitazama mikono yake. "Bila upepo, mama, ile ni fimbo. Siku saba nimeijaza, na mtoto mgongoni. Na huyu mtoto ana njaa."

"Leo pia uliijaza?" mama mkwe akauliza. "Nimesikia ya mwisho ikikohoa."

Kabla Nyemo hajafungua kinywa, Mele akasema, "Ilijaa, mama. Kosa la mwisho ni langu."

Damu ilikuwa ikimtiririka Mele hadi kwenye kifundo cha mguu. Nyemo akachomoa pini kwenye nguo ya Wendo, akapiga magoti, akaanza kumtoa wifi yake miiba. Akatoa wa kwanza, akatoa wa pili. Wa tatu akauacha.

"Haikujaa," alisema akiwa ameinama. "Niliiacha nusu, nikijua. Nilitaka akose."

 Wendo akaanza kulia, kile kilio cha kutafuta titi. Mele akainama, akamchukua mtoto mgongoni kwa mama yake, akambembeleza, na goti moja bado lina miiba.

Ndahani akasema, "Basi sasa tumebaki wawili."

"Nyamaza," mama yake akamwambia.

Mama Mbeleje aliyatazama magoti ya Mele. Akaitazama mikono ya Nyemo iliyopasuka. Akaitazama njia ambayo Ndahani aliondoka na baiskeli akarudi kwa miguu. Nyuma yao uwele ulikuwa umechomoza, mstari kwa mstari. Akailaza kamba ya Cheupe chini, katikati yao, akasema, "Mimi nimeshindwa. Mpita njia aamue."

Mpita njia ni wewe uliyeketi hapa. Yuko aliyechagua, yuko aliyelenga, na yuko aliyejaza siku sita, akapunguza ya saba, kisha akasema kweli huku mwanawe akilia njaa. Kamba iko chini na chuchu za Cheupe zimejaa. Je, ungeiokota ukampa nani?