Mlinzi Asiyekimbia

Mshamu wa Lindi alijaliwa mguu mmoja mfupi na ulimi mrefu. Siku moja alikwenda kuomba kazi ya ulinzi kwa Bwana Chilumba, tajiri mwenye ghala la korosho.

Chilumba alipomwona akichechemea, alicheka. "Sitaki kilema getini kwangu. Mwizi akibeba gunia, utamkimbiza kwa mguu huo?"

Maneno yale yalimchoma Mshamu, lakini sauti yake ilibaki laini. "Waombaji wenzangu umewajaribu, bwana mkubwa. Nijaribu na mimi."

Wapagazi walikuwa wakisikiliza, Chilumba akaona haya kukataa. "Haya! Mimi ndiye mwizi. Nikifika barabarani hujanikamata, nenda zako. Ukinikamata, kazi ni yako."

"Sawa. Naomba kwanza nikaione njia."

Mshamu alijikokota mpaka getini, akarudi taratibu. Chilumba akajitwika gunia, akatimka mbio. Mshamu alimfuata polepole huku akipiga mluzi, na wapagazi wakamsikitikia.

Mara Chilumba akasikika akilitikisa geti kwa hasira. "Nani kafunga hapa?"

"Mlinzi," alijibu Mshamu, akiwa bado yuko katikati ya uwanja. Alipofika alimshika bega. "Mwizi wangu huyu hapa, na jasho linamtoka."

"Basi, umeshinda! Fungua!"

Mshamu aliupapasa mfukoni ufunguo aliouchomoa kwenye kufuli la geti alipokwenda kuiona njia. "Siwezi, bwana mkubwa. Geti la watu hufunguliwa na mlinzi aliyeajiriwa. Mwite karani aje na mkataba wangu."