Tope la Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, wanyama wa Nyika ya Mkolea walijitungia katiba. Ilikuwa fupi, hata kinda la kwale liliijua kwa moyo: kila mnyama atachimba mfereji wa kuleta maji ya mvua bwawani, na kila mnyama atakunywa.

Basi Mzee Kiboko akapewa kazi ya kulinda bwawa. Loo! Kupewa tu, akaanza kujiongezea masharti yake.

"Asiye na tope miguuni hakufanya kazi," akatangaza. "Hanywi!"

Yeye tope lilimfika masikioni, maana alishinda amelala bwawani akikoroma, khoro, khoro! Wadogo aliwapeleka kuchimba kule juu, kwenye mchanga mkavu. Huko uchimbe mpaka kucha zing'oke, tope hulipati.

Bi Nguchiro alikuwa amechimba tangu alfajiri. Vitoto vyake vilikuwa kichuguuni, ndimi zimekauka tangu jana, na roho yake ilikuwa huko huko. Akafika kwenye lango la miiba na kibuyu chake.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Miguu!"

Akainua miguu. Mikavu kau!

"Mvivu wewe! Toka!"

"Jamani, mzee wangu! Katiba haikutaja tope. Inasema kila..."

"Mlinzi hapa nani? Mimi au katiba?"

Bi Nguchiro akaumia, machozi yakamlengalenga. Lakini hasira yake ilikuwa na akili. Akapangusa macho, akaanza kucheka, kwi kwi kwi!

"Unacheka nini?"

"Namcheka Bwana Nyati. Kule juu kuna jiwe limeziba mfereji, sote limetushinda. Ati anasema hata wewe huliwezi! Ati wewe ni tumbo tu!"

Jiwe lilikuwapo kweli, wanangu. Hayo ya Nyati alitunga mwenyewe.

"Mimi? Tumbo?" Kiboko akafura. "Waiteni wote waje waone!"

Heh! Akatoka mbio, pu! pu! pu! Nyika nzima ikamfuata. Akauvamia mchanga kwa pua, kwa kifua, kwa miguu yote. Bi Nguchiro akapiga vigelegele, "Chimba, baba, chimba!" huku moyo ukimdunda kwa furaha na kwa hofu. Jua likawaka. Tope likakauka, likapukutika, mchanga ukamsugua mpaka ngozi ikang'aa. Mara jiwe likang'oka, likabingirika, gubu! gubu! Wote wakashangilia.

Kiboko akarudi bwawani akihema, koo linamwaka. Langoni akamkuta Bi Nguchiro, aliyekwisha kumtangulia.

"Miguu, mzee."

"Nini?"

"Miguu!"

Kiboko akajitazama. Mikavu kau!

"Mvivu," akasema Bi Nguchiro. "Hunywi."

"Mvivu mimi?" Kiboko akanguruma mpaka miiba ikatikisika. "Si mmeniona? Nyote mmeniona nikichimba! Kule juu hakuna tope! Mtu afanye kazi yake, halafu anyimwe maji, haki iko wapi?"

"Rudia, mzee," akasema Bi Nguchiro. "Wa nyuma hawakusikia."

Twiga akaangua kicheko. Sungura, swala na panya wakapaza sauti pamoja: "Na sisi tulimwona Bi Nguchiro akichimba! Sote tulionana!"

Lango likasukumwa, wadogo wakamiminika majini, chubwi! chubwi! chubwi! Wakanywa, wakarushiana maji, wakaimba. Siku hiyo hiyo sharti la tope likafutwa, na ulinzi wa bwawa ukawa wa zamu.

Bi Nguchiro akajaza kibuyu chake pomoni. Kabla ya kukimbilia kichuguuni akageuka.

"Pita na wewe, mzee wangu, unywe. Leo umechimba."

Basi wanangu, mkishatimiza wajibu wenu, msikubali mlinzi yeyote awawekee sharti ambalo katiba haina.