Sonara Aliyejiita Dhahabu Tupu

Sogeeni karibu, na mwenye pete ya kuazima aifiche.

Bi Mize, mjane, alimpelekea sonara Mwinyishomvi bangili ya dhahabu aliyovishwa na marehemu mumewe, iliyopinda, ainyooshe. Aliporudishiwa na kuivaa, mkono ukageuka kijani. Jamani, dhahabu haishiki kutu wala haichafui ngozi! Ile ilikuwa shaba.

Akalilia juu ya jiwe jeusi la mama yake, lile la kusugulia dhahabu ili kuijua ya kweli. Jiwe likasema, "Kamwulize mara tatu. Jibu la tatu ni langu."

Akaenda nalo.

"Sonara, bangili yangu iko wapi?"

"Si hiyo mkononi? Mimi ni dhahabu tupu, Bi Mize!"

"Sonara, bangili yangu iko wapi?"

"Macho yamezeeka, mama. Mimi ni dhahabu tupu!"

Akaliweka jiwe mbele yake. "Sonara, bangili yangu iko wapi?"

Sonara akacheka, akajipiga kifua. "Mimi ni dhahabu tupu!"

Kicheko kikaganda. Akang'aa kuanzia meno hadi kucha, akawa sanamu.

"Mwache, amekoma," majirani wakasihi.

"Nimwache kwa nini? Kasema ni dhahabu, basi nampima kwa moto."

Akamwashia moto pale pale, akauvukuta siku tatu. Likayeyuka rundo zima la shaba, na ndani yake dhahabu ya bangili moja tu. Yake.

Ikafuliwa upya bangili; anaivaa mpaka leo, na haimwachii alama.

Haya, nani hapa ni dhahabu tupu? Aseme. Jiwe ninalo.