Sahani ya Saba

Mama mmoja alikuwa anachambua maharage kwenye ungo wifi yake alipoingia na redio mkononi.

"Wifi, acha hayo kidogo. Nimesikia dawa yako."

Dawa yake ilikuwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Kadi ya hospitali aliificha kwenye kopo la majani ya chai: Jumatatu aanze mionzi mjini, wiki sita. Daktari alimwambia uvimbe bado unatibika, ila asichelewe.

"Wataalamu wanatengeneza chembe ndogo, unywele mbele yake ni gogo," wifi akasema. "Zinabeba dawa mpaka kwenye uvimbe, sehemu nyingine zinaziacha. Kama unavyotoa hilo jiwe na kuliacha harage."

Yule mama akashusha pumzi. Jirani yake alirudi kutoka kwenye mionzi hawezi hata kuinua ndoo.

"Basi nasubiri hiyo. Wiki sita nani atapika hapa?"

"Kaka yangu ana mikono."

"Kaka yako huunguza hata chai."

Wakacheka. Kisha akauliza, "Inafika lini?"

"Hawakusema. Bado wanaijaribu."

"Nitasubiri."

Akina mama, mngemjibu nini? Mimi naiombea dawa hiyo ifike, binti zetu waikute. Lakini uvimbe hausikilizi redio. Na mbona maharage hakusubiri yaje yasiyo na mawe? Aliyachambua hayo hayo, mgongo ukimuuma, kwa sababu watu watakula leo.

Jioni akapakua. Mume, watoto watatu, mama mkwe, wifi.

"Wote mpo? Haya, kuleni."

Mama mkwe hakugusa chakula. "Sahani sita. Tuko saba."

"Mimi nitakula ukoko kwenye sufuria, mama."

"Mwanangu, umeshaanza kutuzoesha kuishi bila wewe?"

Mume akaacha kutafuna.

Ndugu zangu, mama huyo ni sisi. Nani hapa hajala kwenye sufuria wiki hii? Tunahesabu wote, tunajiruka, na kujiruka huko tunakuita upendo. Tunamwambia Mungu tunangoja kilicho bora, kumbe tunaogopa kilichopo. Na mimi nimo, sijitoi. Kadi yangu ya kupimwa ilikaa kabatini mwaka mzima, na kila mwezi nilikuwa na sababu nzuri. Dawa ya kesho ni ya Mungu na wale wanaoitafuta, tuwaombee. Ya Jumatatu ni yetu. Inachosha, ina foleni, ina kutapika, na ndiyo iliyopo. Mwenye kadi aitoe kwenye kopo. Asiyepimwa akapimwe, asingoje maumivu ndiyo yampeleke.

Wifi, aliyejua kadi ilipo, ndiye aliyeinuka. Akaileta kadi, akaiweka juu ya mkeka, karibu na chumvi. Mume akaisoma mara mbili.

"Jumatatu nitakusindikiza," akasema. "Kisha nitarudi nipike."

"Utaunguza."

"Nitaunguza. Watakula."

Yule mama alisogeza miguu, akakaa mkekani na wenzake. Mume akaleta sahani nyingine, akapunguza chakula chake, akamwekea. Mama mkwe akahesabu upya kwa kidole, taratibu, bila kumruka mtu, mpaka saba.

Ndipo wakala wote.