Mama Mkwe Aliyeibwa

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, ni hii ya juzi ambapo kila mwenye simu alijiona mwandishi, palikuwa na mwanamke wa Ngamiani, Tanga, jina lake Siwatu. Siwatu aliuza juisi ya rozela, na friji hakuwa nalo. Juisi ililala kwenye friji la jirani yake Mwajabu, na kila kukicha ilikuwa imepungua.

"Inakaushwa na baridi, shoga," Mwajabu alimwambia, ulimi mwekundu.

Siwatu alikuwa pia na blogu. Humo aliandika visa vya mama mkwe wake, Bi Mafunda, ambaye hajapata kuingia nyumba ya mtu akakosa la kusema. Kilichonoga kuliko vyote ni cha sabuni: Bi Mafunda alikuja kutembea, akamnusa mwanawe shingoni kama anayenunua samaki, akasema, "Mwanangu ananukia sabuni ya kufulia. Mmeishiwa ya kuogea, au mmeishiwa mapenzi?"

Redio ya mji ikatangaza: mwenye kisa kitakachochekesha watu wengi mtandaoni atapewa friji. Siwatu akafagia kona ya kuliweka. Siku ya siku, akatajwa mshindi: Mwajabu! Kwa kisa cha sabuni! Alikikopi kizima akakipesti kwenye ukurasa wake, hata "mama mkwe wangu" hakubadilisha. Na Mwajabu, jueni, hajaolewa.

Siwatu akavuka uchochoro. "Shoga, umeninywea juisi nikanyamaza. Na maneno yangu pia?"

"Mtandaoni hakuna mwenyewe. Kama uliyapenda, si ungeyafungia kabatini?"

Siwatu akaenda redioni. Wakamwambia lete ushahidi. Akaonyesha tarehe. Wakamwambia tarehe hata mtoto anaibadilisha. Akarudi.

Siku ya kukabidhi, watu wamejaa, friji limefungwa utepe, akatokea shangazi yake Mwajabu kutoka Lushoto, sufuria tupu la ubwabwa kichwani. Kisa kilikuwa kimemfikia kwenye kundi la ukoo.

"Mwajabu! Una mama mkwe?"

"Shikamoo, shangazi."

"Shikamoo yako iweke! Mwenye mama mkwe ana mume. Ubwabwa tulikula lini? Mahari alipokea nani? Au ulijioza mwenyewe?"

Mwajabu akatazama friji, akamtazama shangazi. Akisema ameolewa, kawaficha ukoo mzima. Akisema hajaolewa, mwizi. Sufuria lilipoanza kuteremka kichwani, akachagua wizi.

"Nilikopi, shangazi! Mama mkwe ni wa Siwatu!"

Vigelegele. Siwatu akashika mpini wa friji.

"Toa mkono," akasema Bi Mafunda, akipenya katikati ya watu. "Maneno yalitoka kinywani mwangu. Uliniomba lini? Mwenzio kakukopi wewe, wewe umenikopi mimi. Nilikuja kumwona mwanangu, sikuja kuandikwa."

"Mama, ulisema neno moja ukaenda zako. Nani alikaa akalipanga mpaka likachekesha?"

"Lilichekesha nilipolisema! Mwanangu alicheka. Aliyenuna ni wewe."

Kweli alinuna. Alinuna jioni ile, akaandika kesho yake.

"Na mimi je?" shangazi akadakia. "Bila mimi friji lingeshafika kwa mwizi, na huyu angebaki na tarehe zake. Nimepanda basi na sufuria hili mapajani, mnaona mchezo?"

Mwajabu naye, uso mkavu kama hakuna lililotokea: "Kwenye blogu yake alisoma nani? Yeye na mumewe, na mumewe kwa kulazimishwa. Mimi ndiye niliyekitembeza makundi yote ya harusi. Redio ilikisikia kwangu."

Hata Siwatu alijua hilo si uongo. Ila mpini hakuuachia.

Mpaka sasa wako pale. Aliyeandika kashika mpini. Aliyesema kashika kiuno. Shangazi kakalia sufuria lake, na mwizi hajaondoka, maana haya hana. Friji limepakiwa nusu garini, dereva anapiga honi, anauliza anakwenda nyumba gani.

Haya, ninyi mliokuwa mnacheka, mwambieni dereva: friji alishushe kwa nani, na kwa haki ipi?