Kamba, Sanda na Ngozi ya Kapembe

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana sikuwapo kuihesabu, katika nchi ya misitu ya miyombo palikuwa na mjane jina lake Nyamizi. Mumewe, Kapembe, alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitundika mbali sana na watu, na huko huko mauti yalimkuta. Alilala chini, nyoka akamuuma usingizini.

Sasa watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Mjane hupewa msimu mmoja tu. Akienda mwenyewe msituni akarudi na mzega kamili, lindo moja mbele ya bega na lindo moja nyuma, mizinga inakuwa yake na ya wanawe. Akirudi pungufu, mizinga inakwenda kwa ndugu wa marehemu. Lindo, kwa wasiolijua, ni chombo cha gome la mti cha kuwekea asali, na likijaa hata mwanamume mwenye shingo nene hulalamika. Nyamizi alikuwa na watoto wawili wadogo. Alikuwa pia na shemeji, Mihayo, ambaye alikwisha kuanza kuizungumzia mizinga ile kana kwamba aliitundika yeye.

Nyamizi akakaa, akafikiri. Kulala chini hawezi. Nyoka bado wapo, na mwaka ule siafu walikuwa wengi. Kujenga ulingo wa kulalia juu hawezi. Ulingo unataka shoka zito na siku nyingi. Akafikiri tena. Akakumbuka machela wanayobebewa wagonjwa, kile kitambaa kinachoning'inia kwenye mti baina ya mabega ya watu wawili. Akajiuliza, kama mabega mawili humbeba mgonjwa, miti miwili iliyosimama itashindwaje kumbeba mzima?

Alipolisema hilo kisimani, wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika.

"Nyamizi, unakwenda kurina au unakwenda kuugua?"

Akacheka nao. Lakini shauri alikwisha kulikata, na kilichomsumbua hakikuwa kicheko chao. Kilikuwa uzito. Kila atakachokwenda nacho atarudi nacho, begani mwake, pamoja na mzega. Blanketi zito ni asali iliyoachwa. Chungu kikubwa ni asali iliyoachwa. Na vitu vyepesi ndivyo vyenye bei, ilhali mali yake yote ilikuwa mbuzi mmoja jike, tena mwenye sikio lililopasuka.

Akamkokota mbuzi wake mpaka kwa Lugusha, msokota kamba. Lugusha akamwekea kamba mbili miguuni. Moja ilikuwa nene, ya magome. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya katani, imesokotwa ikasokotwa tena, kisha ikapakwa nta.

"Hii nene kwa kuku," akasema. "Hii nyembamba kwa mbuzi."

"Kaka yangu, mbuzi huyu ndiye mali yangu yote. Nipe nene, nibakize cha kupatia kitambaa."

"Nene itakulemea kwenda. Ikilowa, itakulemea mara mbili kurudi."

"Basi nipe nyembamba ya bei nafuu. Najua unazo."

"Ninazo. Ni za kufungia kuni, na wewe si kuni. Sikuuzii."

"Nina watoto, Lugusha."

"Ndiyo maana sikuuzii. Mbuzi, dada. Sipunguzi."

Nyamizi akamtazama mbuzi, mbuzi akamtazama Nyamizi. Wahenga walisema rahisi ni ghali, ila walisahau kusema hiyo ghali mtu ailipe na nini. Akaacha mbuzi, akachukua kamba ya katani. Ilienea kwenye viganja vyake viwili. Njia nzima alikuwa na hasira na Lugusha, na alijua kwamba Lugusha amesema kweli, na hilo lilimzidishia hasira.

Sasa ana kamba, hana kitambaa. Akaenda kwa jirani yake, Bibi Tausi, kuuliza kama ana shuka kuukuu la kuazima. Bibi Tausi akainuka. Akafungua sanduku lake, akatoa bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri na ina harufu ya udi.

Nyamizi akarudi nyuma. "Bibi, hii si..."

"Ndiyo. Sanda yangu."

"Siwezi kulala kwenye sanda yako, bibi."

"Kwani mimi nimeshakufa? Wewe una safari, mimi bado sina. Ni nyepesi, na ukiikunja mara mbili itakubeba. Chukua, mjukuu wangu, kabla sijapata akili."

Nyamizi akalia pale pale, akaipokea kwa mikono miwili.

Ikabaki mvua ya juu na baridi ya chini, maana anayelala akining'inia, baridi humpanda mgongoni. Kwa hayo mawili Nyamizi alikuwa na ngozi ya ng'ombe aliyolalia Kapembe. Ilikuwa nzito. Alijua ni nzito. Lakini ilikuwa bado na harufu ya mumewe, na hilo hakutaka kulipima. Akaitia ndani ya gunia, akafunga mzigo, akaulaza mlangoni.

Alfajiri akaunyanyua, ukamjia mwepesi. Akadhani ni ujasiri.

Alipofika kwenye mizinga ndipo alipofungua gunia. Hamna ngozi. Ndani mlikuwa na nyasi kavu, zimeshindiliwa mpaka gunia limetuna. Nyamizi akalia kwa sauti, akamlaani Mihayo kwa jina, maana nani mwingine angetaka ashindwe? Usiku ule mvua ilimpiga. Kesho yake, kwa kuwa kulia hakuezeki paa, akakata majani akaezeka kijipaa juu ya machela. Lile gunia la nyasi akalichomeka baina ya mikunjo ya bafta, chini ya mgongo wake. Akalala. Baridi haikumpata tena.

Mtasema siafu hupanda miti. Hupanda, najua, msinifundishe. Alizungushia mashina majivu.

Asubuhi moja upepo ulikuja na nguvu, tawi kavu likaanguka juu ya kamba. Machela ikazama karibu na ardhi, na pale ardhini nyasi hazikuonekana kwa siafu. Kamba ya katani ikalia kama uzi wa zeze. Haikukatika. Bafta ikavutika, haikuchanika. Nyamizi akabaki ananing'inia, akilitaja jina la Mungu na, Mungu amsamehe, jina la Lugusha pia.

Akarina, akajaza, akarudi. Aliingia kijijini na mzega kamili, bega limevimba, vigelegele vikampokea. Mizinga ikawa yake na ya wanawe. Lakini yeye hakucheka. Akatua mzega, akasema, "Shemeji Mihayo, ngozi ya mume wangu iko wapi?"

Kabla Mihayo hajafungua kinywa, mama yake, Nyanzobe, ndiye mkwe wa Nyamizi, akasema, "Ninayo mimi. Niliitoa mimi, nikatia nyasi."

Watu wakamgeukia.

"Kwa nini, mama?" Nyamizi akauliza.

"Kwa sababu ungeibeba kwenda na ungeibeba kurudi. Ukielemewa, ungemwaga asali."

"Ningeiacha ngozi huko huko."

"Ungeiacha? Ngozi ya Kapembe? Mwanangu, mimi niliyemzaa nisingeiacha."

Nyamizi alijua asingeiacha.

Hapo Mihayo akacheka cheko baya. "Mama, mbona mimi uliniambia umeitoa ili alowe, arudi mikono mitupu?"

"Nilikwambia hivyo kwa sababu nilikuona unaizunguka ile kamba yake na kisu. Ulipoamini kazi imeshafanywa, ukaenda kulala."

"Leo amerudi na asali, ndiyo maana unasema hivyo."

"Nimesema," akajibu Nyanzobe, akajifunga kanga yake vizuri.

Na hapa ndipo fundo lilipo. Desturi ya nchi ile ilisema, katika mzega wa kwanza wa mjane, lindo moja ni la nyumba yake, na la pili ni la aliyemlaza msituni, yaani aliyemwezesha kulala huko akarudi. Tena ni la mtu mmoja. Haligawanywi, maana likigawanywa nyuki huhama. Watu wakauliza: aliyemlaza Nyamizi ni nani?

Lugusha akasema, "Nililipwa, sikatai. Lakini ningemwonea huruma siku ile, mngemzika. Nilistahimili machozi yake. Aliyefanya kazi yake sawasawa hana haki, kwa sababu tu alilipwa?"

Bibi Tausi akasema, "Mimi sidai. Ila mmeniuliza. Bafta ile imelowa, imenuka moshi, imelaliwa na aliye hai. Sina nyingine, na siku zangu nazijua. Lindo lile ni sanda. Sikutoa ili nilipwe, lakini nami napenda kuzikwa kama watu."

Nyanzobe akasema, "Kamba ilimshika, kitambaa kilimbeba. Nani alimrudisha na asali? Wao waliongeza mzigo wake, mimi niliupunguza. Nilijitoa nionekane mwizi kwa mkwe wangu na msaliti kwa mwanangu. Kama mnaijua nia yangu kuliko mimi, ninyimeni."

Nyamizi akapiga magoti, mkono juu ya lindo. Akawatazama watatu hao, mmoja mmoja. Wa kwanza alichukua mbuzi wake wa mwisho. Wa pili alimpa nguo yake ya mwisho. Wa tatu alimwibia kitu cha mwisho cha Kapembe. Na bila yeyote kati yao, asingekuwa pale.

Mimi mzega wangu nimeutua, na lindo liko mbele yenu, bado halijafunguliwa. Semeni nyinyi, na asiyewahi kubeba mzigo asiwe wa kwanza kusema. Je, ni nani aliyemlaza Nyamizi?